Kilobaiti 64 Zatosha: Safari kwa Watu wa Kompyuta Kongwe

Kampuni ya Commodore ilifilisika Aprili 1994, na kompyuta yake mashuhuri ya nyumbani, Commodore 64, ikaacha kutengenezwa. Mwishoni mwa 2017 kundi la Wajerumani liitwalo Knights of Bytes likatoa mchezo mpya, Sam's Journey, kwa ajili ya kompyuta hiyohiyo. Haukuwa mchezo wa simu uliovalishwa sura ya kizamani. Ulikuja ndani ya sanduku lake, na diski au katriji yake, ukanunuliwa na watu ambao mashine hiyo bado wanayo mezani na bado inawaka.

Habari hiyo ndiyo iliyonitoa Tanga. Mimi nafundisha kompyuta, na mara nyingi nimewasikia wanafunzi wakiiita mashine ya mwaka juzi takataka. Nilitaka kuwaona watu ambao kwao mashine ya 1982 ni ya leo: wanaoitungia programu, wanaoiundia vipuri, wanaochora na kutunga muziki juu yake. Basi, wiki ya kuelekea Pasaka ikanikuta London, nikiwa na begi dogo na sweta lisilotosha baridi.

Bletchley

Treni ya kwenda kaskazini inapita mashamba ya kijani yaliyogawanywa kwa nyua za vichaka, kondoo wakiwa wametawanyika huku na huku. Bletchley ni mji mdogo wa reli ambao ungepitwa tu kama si vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walikusanywa kwenye viwanja vya jumba moja la kitajiri hapa ili kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani. Jengo mojawapo la enzi hiyo, Block H, leo ni makumbusho ya taifa ya kompyuta.

Humo imo Colossus, mojawapo ya mashine za ufumbuzi huo, iliyoundwa upya chini ya mhandisi Tony Sale kwa sababu zile za asili zilibomolewa baada ya vita. Lakini iliyonisimamisha zaidi ni nyingine, iliyopewa jina la utani WITCH. Ilianza kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Harwell, ikastaafu, ikasahaulika ghalani, ikafufuliwa na kuwashwa tena mwaka 2012. Namba zake hukaa ndani ya taa ndogo za gesi, na kila taa ina nukta ya rangi ya chungwa inayozunguka kadiri hesabu inavyoendelea. Kuzidisha namba mbili kunaichukua sekunde kadhaa. Ukisimama mbele yake unaiona hesabu ikitendeka, tarakimu kwa tarakimu.

Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye koti jeupe na mikono yenye harufu ya lehemu, alinieleza msimamo wao. Kifaa kilichofungiwa kwenye kabati la kioo, alisema, ni picha tu ya kifaa. Ili ukijue, sharti kifanye kazi. Na ili kifanye kazi, sharti awepo mtu anayekielewa. "Tukifa sisi bila kufundisha wengine," akaongeza, "na yenyewe imekwisha." Maneno hayo nilikutana nayo tena, kwa ndimi tofauti, katika kila kituo kilichofuata.

Cambridge

Kuelekea mashariki nchi inalala bapa kama mkeka, imekatwa na mifereji ya kukausha vinamasi. Cambridge wenyewe ni mji wa baiskeli, kengele za makanisa na mawe ya rangi ya asali. Mtoni, watalii wanapanda mashua bapa zinazosukumwa kwa pondo, na mtu wa pwani hana budi kujizuia asicheke: wanachomeka pondo kwenye matope, mashua inakwenda, wao wanabaki wameikumbatia.

Katika barabara ya King's Parade, mkabala na chuo cha King's, nilitafuta namba 6. Hapo palikuwa na ofisi ya Clive Sinclair, muundaji wa kompyuta za nyumbani. Umbali wa kutembea dakika chache, karibu na soko, ndipo ilipokuwa kampuni ya Acorn, iliyoanzishwa na Chris Curry, aliyekuwa mfanyakazi wa Sinclair, pamoja na Hermann Hauser. Katika mtaa huu mdogo ndimo ulimopiganwa ushindani wa kuingiza kompyuta katika nyumba za Waingereza. Kuelekea Krismasi ya 1984 ushindani huo ulifika hadi kwenye baa ya Baron of Beef, ambako Sinclair, aliyekerwa na tangazo la Acorn lililobeza ubora wa mashine zake, alimchapa Curry kwa gazeti lililokunjwa.

Wakati huo sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kuleta hasara na vurugu. Kwa hiyo kizazi changu kiliukosa mlango huu. Watoto wa Uingereza walikuwa wakiandika programu sebuleni. Sisi tulikuja kuiona kompyuta tukiwa watu wazima, imeshafungwa pande zote, imekuwa kitu cha kubonyeza tu.

Mlango wenyewe niliuona katika Centre for Computing History, makumbusho yaliyo ndani ya jengo la kawaida mithili ya ghala, nje kidogo ya katikati ya mji. Humo mna darasa la miaka ya 1980 lenye kompyuta za BBC Micro, mashine ambayo Acorn iliiunda mwaka 1981 kwa ajili ya mradi wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha wananchi kompyuta. Ukiiwasha inalia milio miwili, na papo hapo inakusubiri uandike. Hakuna picha za kubonyeza wala matangazo. Msichana wa miaka kama kumi aliandika mistari miwili ya amri, na jina lake likaanza kuteremka skrini nzima bila kukoma. Alicheka, akabadilisha mstari mmoja, likaanza kuteremka kwa mshazari.

Jirani yake ilikaa ZX Spectrum ya Sinclair, ya 1982, yenye vitufe vya mpira. Ya bei nafuu kabisa iliuzwa pauni 125 na ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Skrini yake ina sifa ambayo kwa mhandisi ni kasoro: imegawanywa katika vyumba vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na kila chumba kinaruhusiwa rangi mbili tu. Mhusika mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, rangi zinaambukizana. Picha nzima inachukua baiti 6,912, hazipungui wala haziongezeki.

Hapo nilikutana na mchoraji, mwanamama wa makamo ambaye kazi yake ya siku ni uhasibu. Alinionyesha picha aliyoimaliza majuzi: bandari usiku, taa zikimeta majini. Nilitafuta mahali ambapo rangi zimeambukizana, sikupaona. "Sipigani na vyumba," alisema. "Kwanza naamua mpaka wa vyumba uangukie wapi, halafu ndipo nauleta mlingoti wa meli usimame hapo." Nilipotazama tena nikaona kweli: kila mlingoti na kila ukingo wa gati ulikuwa umesimama juu ya mpaka usioonekana.

Mashine yenyewe nayo imezaliwa upya. Mwaka 2017 wapenzi wa Spectrum walichangishana mtandaoni zaidi ya pauni 700,000 ili iundwe ZX Spectrum Next, kompyuta mpya kabisa inayoendesha programu za zamani na kuongeza uwezo juu yake. Umbo lake lilichorwa na Rick Dickinson, yuleyule aliyechora umbo la Spectrum ya kwanza. Alifariki mwaka 2018, kabla mashine hazijaanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2020.

Kabla ya kutoka nilisimama mbele ya Megaprocessor. Mhandisi James Newman aliichukua prosesa, kitu kinachotoshea kwenye ukucha, akaijenga upya kwa transista moja moja na taa maelfu, mpaka ikawa ukuta wa mita kama kumi. Unaweza kuona kwa macho namba inavyotoka kwenye kumbukumbu, inavyojumlishwa, inavyorudishwa. Nimefundisha jambo hilo kwa chaki kwa muda mrefu. Hapo nililiona likitembea.

Jioni nilikula andazi la Chelsea katika mkahawa wa Fitzbillies: unga ulioviringishwa na zabibu kavu na mdalasini, ukalowanishwa kwa shira nzito inayonata vidoleni. Nilikuwa nikisoma ujumbe kwenye simu, nikakumbuka kwamba hata hiyo simu ina asili yake hapa. Sophie Wilson na Steve Furber wa Acorn, waliounda BBC Micro, walibuni prosesa mpya, na ya kwanza ikafanya kazi Aprili 1985. Ilitumia umeme mdogo kiasi kwamba katika majaribio ilionekana ikiendelea kufanya kazi ilhali waya wake wa umeme haujaunganishwa. Umeme uliokuwa ukipenya kutoka sakiti za jirani uliitosha. Prosesa hiyo ni ARM, na wazao wake wamo karibu katika kila simu ya mkononi duniani, ya bei rahisi ya Kariakoo ikiwemo.

Helmond

Nilivuka bahari kuingia Uholanzi na kufika Helmond, katika jimbo la Brabant. Katikati ya mji kuna ngome ya matofali yenye minara minne na handaki; karibu na hapo kuna nyumba za mbunifu Piet Blom, michemraba iliyosimamishwa kwa kona zake. Mfereji unapita mjini, na kando yake kuna kiwanda ambacho Mwafrika anakijua hata kama hajui kwamba anakijua: Vlisco, kilichoanzishwa mwaka 1846, kinachochapa vitenge vya waksi na kuviuza Afrika Magharibi na ya Kati.

Dirishani pa duka la vitambaa nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akizungumza kwenye simu kwa Kiswahili cha Kivu. Nilimwamkia. "Karibu, papa," akajibu, "unatoka Tanzania, eh? Mimi ni wa Bukavu." Akanionyesha kitambaa cha ndege wanaoruka. "Mama yangu alikuwa anaficha kikwembe kama hiki kwa sanduku, anakivaa siku ya ndoa tu. Sikujua kinatoka mji huu mpaka nilikuja kuishi humu." Nilipomwambia nimekuja kuona kompyuta za zamani, alinitazama kwa huruma, akanielekeza njia.

HomeComputerMuseum ina desturi mbili. Ya kwanza: mgeni anaruhusiwa kugusa. Vyumba vimepangwa kwa miaka, kila kimoja na samani za wakati wake, na kompyuta zimewashwa zinakusubiri ukae. Ya pili: sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu ambao soko la ajira limewapa kisogo, wakiwemo vijana wenye usonji. Wanajifunza ufundi hapa, na wengine huondoka nao kwenda kuajiriwa.

Kijana mmoja wao, mtaratibu, asiyenitazama usoni lakini mwenye maelezo yaliyonyooka, alinipitisha karakana. Maadui wa kompyuta kongwe, alisema, ni watatu. Kwanza kapasita, ambazo hukauka au kuvuja na kula bodi. Pili betri ndogo zilizochomelewa ndani ya baadhi ya mashine za Amiga, ambazo alkali na chumvi zake hutafuna njia za shaba. Tatu jua, linaloigeuza plastiki kuwa ya manjano. La mwisho lina dawa ya kushangaza: plastiki inapakwa haidrojeni peroksaidi, ile ya kufanya nywele ziwe za dhahabu, kisha inarudishwa kwenye mwanga huohuo ulioiharibu, na weupe unarudi.

Baada ya ukarabati huja vipuri vipya. Diski za zamani zinasomwa kwa shida, kwa hiyo watu wameunda vifaa vinavyojifanya kiendesha diski mbele ya kompyuta, kumbe ndani mna kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Kadi moja inabeba maktaba nzima ya miaka ya 1980. Chipu ya sauti ya Commodore 64, iitwayo SID, haitengenezwi tena, kwa hiyo zipo mbadala mpya za kuchomeka palepale. Na Uholanzi hii imetoa Ultimate 64, bodi mpya nzima ya Commodore 64. Siri yake ni chipu inayopangika: haijazaliwa na kazi maalumu, bali unaielekeza iwe sakiti gani, nayo inakuwa. Waundaji waliichunguza mashine ya zamani hadi tabia ya kila mzunguko wa saa yake, wakaielekeza chipu hiyo iwe vivyo hivyo.

Chumba cha kompyuta za MSX kilinichelewesha. MSX ilikuwa kanuni ya pamoja iliyotangazwa mwaka 1983 ili kompyuta za kampuni mbalimbali ziweze kuendesha programu zilezile. Ilishamiri Japani, na hapa pia, kwa kuwa Philips ya mji jirani wa Eindhoven ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wake. Ilifika hata Ghuba: kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliuza kompyuta za Sakhr, MSX zenye herufi za Kiarabu, na zikaenea katika nchi za Kiarabu. Nilimtumia picha ya MSX binamu yangu aliyelelewa Maskati. Akanijibu kabla sijatoka chumbani: "Kaka, hiyo ndiyo iliyonifundisha Kiingereza na hesabu. Muulize kama inauzwa!" Haikuuzwa.

Kijana yule wa karakana alinipa jambo la mwisho, akijua natoka nchi ya redio. Katika miaka ya 1980 redio ya taifa ya Uholanzi, katika kipindi cha Hobbyscoop, ilirusha programu za kompyuta hewani. Zilisikika kama mkwaruzo mrefu wenye kero. Msikilizaji alizirekodi kwenye kaseti, akaiunganisha kaseti na kompyuta yake, na programu ikaingia. Ili programu moja ifae mashine za aina nyingi, walibuni lugha ya pamoja, BASICODE. Alinichezea kanda moja, na baada ya dakika chache skrini ikaandika tayari. Programu ilikuwa ya kukokotoa siku ya juma. Niliingiza tarehe yangu ya kuzaliwa. Ikanijibu Ijumaa, na kweli ni Ijumaa.

Paderborn

Ujerumani ilinipokea kwa mvua. Paderborn umejengwa juu ya maji: zaidi ya chemchemi 200 zinatoka ardhini chini ya kanisa kuu na mitaa ya jirani, zinaungana na kuwa mto Pader, ambao baada ya kilomita kama nne tu unaishia katika mto mwingine. Maji ni safi hata unaona majani yakilala upande mmoja chini yake. Nilinunua mkate wa Paderborn, wa nafaka ya rye na ngano, wenye uchachu kidogo, nikaula na jibini nikiwa nimekaa juu ya ukuta wa mto.

Katika ua wa ndani wa kanisa kuu kuna dirisha la mawe la karne ya 16 ambalo wenyeji wanalipenda kuliko mnara. Sungura watatu wanakimbizana kwa duara. Kila mmoja ana masikio mawili, lakini ukihesabu yote unapata matatu, kwa sababu kila sikio linatumiwa na wawili.

Makumbusho ya Heinz Nixdorf, yaliyofunguliwa mwaka 1996 katika makao makuu ya zamani ya kampuni yake ya kompyuta, husimulia miaka 5,000 ya namba na maandishi, tangu vigae vya udongo vya Mesopotamia. Hapo kuna kitanda cha kufumia cha Jacquard, ufundi wa Kifaransa wa mwanzo wa karne ya 19: kadi zenye matundu huamua uzi upi uinuke na upi ubaki chini. Tundu lipo au halipo, basi. Toka Helmond nilikuwa nikifikiri juu ya vitambaa, na hapa ikanijia wazi kwamba ua kwenye nguo lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa ndiyo na hapana kabla umeme haujaingia nyumba za watu.

Kwa wapenzi wa mashine za nyumbani Ujerumani ina fahari nyingine. Commodore ilikuwa imeandaa mrithi wa 64, Commodore 65, ikautupilia mbali mradi huo mwaka 1991 kabla ya kuuza. Paul Gardner-Stephen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders huko Australia, alianza kuifufua pamoja na wapenzi wa Ujerumani, na tangu 2022 mashine iitwayo MEGA65 imekuwa ikiwafikia watu, ikiwa na kibodi kamili na hata mlango wa diski. Mwenyeji wangu wa Paderborn anayo. Aliiwasha sebuleni, akaniachia kiti, akaenda kupika chai. Hivyo, kompyuta iliyouawa kabla ya kuzaliwa ndiyo niliyoandikia barua kwa wanafunzi wangu jioni ile.

Saarbrücken

Jimbo la Saar liko mpakani na Ufaransa, nchi ya vilima, misitu na makovu ya makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 2012. Ukipita Völklingen unaona kiwanda cha chuma cha kutu kilichozimwa mwaka 1986, na ambacho tangu 1994 ni urithi wa dunia. Chakula cha hapa ni nyama iliyokolezwa viungo na kuchomwa juu ya wavu unaoning'inia kwa mnyororo kutoka kwenye vigingi vitatu. Mchomaji anaubembeza polepole juu ya moto wa kuni ili joto lienee. Kwa kawaida ni nguruwe. Mimi walinitafutia batamzinga.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa E-Werk, katika mtaa wa Burbach, jengo lililokuwa likizalisha umeme wa kiwanda cha chuma. Kila Pasaka tangu 2011 hufanyika humo Revision, mkutano mkubwa wa watu wa demo. Mwaka 2020 ulihamia mtandaoni kwa sababu ya Uviko, na baadaye ukarudi.

Demo ni programu isiyo na kazi yoyote ila kutazamwa: picha zinazotembea na muziki, vyote vikitengenezwa na kompyuta papo hapo. Asili yake haina heshima. Katika miaka ya 1980 vijana waliovunja kinga za michezo na kuisambaza bila malipo walibandika mwanzoni ukurasa wa kujitangaza, wenye jina la kundi, muziki na maandishi yanayopita. Baadaye ukurasa ukawa mtamu kuliko mchezo, na sanaa ikajitenga na wizi. Ufini iliiweka katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020, Ujerumani na Poland mwaka 2021, Uholanzi mwaka 2023.

Ukumbini kuna giza na meza ndefu, watu wamejiinamia mashine zao, wengine wamelala sakafuni kwenye mifuko ya kulalia. Mbele kuna skrini kubwa kama ya sinema. Saa ya shindano la mashine kongwe ilipofika meza zote zilihamwa.

Kazi iliyonikaa moyoni ilikuwa ya Commodore 64. Prosesa yake hupiga mizunguko isiyofika milioni moja kwa sekunde, na kwa kila picha ya skrini, hamsini kwa sekunde, ina mizunguko 19,656 ya kufanya kila kitu. Chipu ya SID ina sauti tatu tu. Mtunzi akitaka sauti nyingi kwa pamoja anairusha sauti moja kati ya noti kadhaa kwa kasi hadi sikio likubali kwamba zinalia zote. Ghafla picha ikatoka nje ya fremu, ikaingia kwenye ukingo wa skrini ambao watengenezaji walikusudia uwe mtupu daima. Ukumbi ukapiga kelele.

Jirani yangu, dereva wa malori kutoka Poland, alinieleza. Chipu ya picha huangalia kila mara kama imefika mstari wa kufunga ukingo. Ukiiambia kwa wakati mahususi kwamba picha ina safu 24 badala ya 25, mstari wa safu 24 umekwishapita na ule wa 25 hautafutwi tena. Basi hukosa yote miwili, na ukingo haufungwi. Ujanja huo uligunduliwa zamani na bado wanajenga juu yake. Akaniambia pia jinsi programu yake inavyotumia baiti zilezile mara moja kama amri, mara nyingine kama noti za muziki. Nikamweleza habari za sungura wa Paderborn na masikio yao ya pamoja; kumbe alikuwa amewaona.

Baadaye yalikuja mashindano ya kilobaiti 4, ambayo kazi nzima, picha na muziki, haipaswi kuzidi baiti 4,096. Makala haya unayosoma yana herufi zaidi ya mara tatu ya hizo. Tulitazama bonde lenye ukungu, ndege wakiruka, ala zikilia kwa dakika kadhaa. Hapo ndipo nilipowaelewa. Malenga wetu anayefungwa na mizani nane kwa nane na vina vya kati na vya mwisho haombi apunguziwe. Angepunguziwa, hadhira isingejua amefanya nini. Watu hawa nao mipaka ya mashine wanaijua wote, mtazamaji na mtunzi, ndiyo maana shangwe hupigwa mahali hasa panapostahili.

Mwishoni mwa kila demo maandishi hupita yakitoa salamu kwa makundi mengine, moja baada ya jingine, kwa majina. Mimi niliyekulia kwenye vipindi vya salamu za redio sikuhitaji kufafanuliwa. Niliyasoma yote. Niliona makundi ya Ulaya kwa wingi. La Afrika Mashariki sikuliona.

Nililojifunza ni hili. Watu hawa hawang'ang'anii mashine kongwe kwa sababu ya ujana wao tu, maana niliwakuta humo waliozaliwa baada ya Commodore kufilisika. Wanazishika kwa sababu ni mashine ambazo akili ya mtu mmoja inaweza kuzijua zote, toka kitufe hadi nukta ya mwisho ya skrini. Simu yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu mara 65,536 ya Commodore 64, na hakuna mwanafunzi wangu, wala mimi, anayeijua nzima.

Kwa hiyo neno langu kwa walimu na vijana wa kwetu ni fupi. Hamhitaji kununua mashine ya makumbusho. Programu inayoigiza Commodore 64, iitwayo VICE, ni ya bure, inaendeshwa hata na kompyuta dhaifu ya ofisi iliyotupwa stoo, na vitabu vya mashine hiyo vimejaa mtandaoni. Muhula huu darasa langu linaanza nayo kabla ya kitu kingine chochote: mistari miwili ya amri, kisha mmoja unabadilishwa. Nanyi anzeni, na mkimaliza kazi yenu ya kwanza, andikeni salamu mwishoni mtutaje na sisi wa Tanga.